Ruhusa ya Kwenda kwa Faida

Benchi la nje ya stesheni ya Villawood lina miguu mitatu mizima, wa nne ni tofali. Kila Jumamosi asubuhi hukaliwa na wanaume watatu na chupa moja ya kahawa, na ubishi wao huwafanya wapitaji wavuke barabara, korona au hapana korona. Ulikuwa mwaka wa pili wa ugonjwa huo, na Australia bado imefunga mipaka: hata raia hatoki bila kibali. Libère, dereva wa malori ya makontena kwenye bandari ya Port Botany, alifika siku hiyo akiwa ameshika simu kwa mikono miwili.

— Wamenikubalia, akasema.

Miezi kumi na moja alikuwa anaomba kwenda San Marino, kinchi kilichokaa juu ya mlima, Italia imekizunguka pande zote. Huko dadake Faida anamtunza bibi kizee mmoja katika nyumba ya mawe. Walipotezana njiani wakikimbia vita kutoka Uvira mwaka 1996, Faida akiwa na miaka saba. Tangu hapo wameonana kwenye WhatsApp tu.

— Kwani walikuwa wanakatalia nini? akauliza Wekesa, nesi wa Bungoma. Kijiweni anaitwa Ramani, kwa kuwa hakuna nchi asiyoijua, ingawa amekanyaga mbili tu.

— Tarehe ya kuzaliwa. Mimi karani wa kambi ya wakimbizi aliniandika January first, eighty-six. Faida, kambi nyingine, karani mwingine, January first, eighty-six. Immigration wakaniuliza kama sisi ni mapacha. Na mimi nimemzidi miaka sita!

— Hata mimi ni January first, akadakia Mushagalusa wa Bukavu, mwendesha forklift wanayemwita Maître, yaani wakili, kwa kupenda kesi. Na madame. Na beau-père, baba yake. Mwaka mpya kwangu tunakata gato tatu za birthday.

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Libère akawaonyesha picha tena, ingawa waliijua: Faida amesimama kwenye ngazi za ukuta wa kale, nyuma yake mnara, chini mabonde, mbali kabisa mstari wa bahari. Libère ameitazama picha hiyo kwenye foleni za bandarini hadi anayajua mawe yake. Alitamani kuzipanda ngazi zile hadi miguu imuume, kisha mlango ufunguliwe na dadake.

— Sikiza buda, akasema Ramani. Hiyo nchi haina airport. Unashuka Italia, unadandia basi, unapanda mlima. Na wako na wakubwa wawili wa nchi, sio mmoja. Every six months wanabadilishwa.

— Wawili kila miezi sita? Maître akahesabu kwa vidole. Lakini ile watu ni kidogo! Watakwisha. Zamu itafikia wageni. Libère atakuwa président mbele ya kujua kuomba mkate kwa luga ya kule.

— Na akiwa rais, anatutumia ndege hapa Villawood, akasema Ramani.

— Ndege ya nini, Maître akamkatiza, hawana airport! Atatuma mishale kutoka ule mnara. Tena mi nawaambia, corona haiwezi kupanda kule. Ile ukuta ilizuia farasi na majeshi, sembuse kikohozi!

— Itapanda na basi, kama mimi, akasema Libère, na mwenyewe akajishangaa jinsi alivyokuwa na furaha.

Mwishoni mwa benchi alikuwa amekaa mwanamke mgeni, barakoa kidevuni, sanduku miguuni. Alijitambulisha: Kendi, ametoka jana karantini ya hotelini. Alikwenda Meru kumzika mama yake.

— Kwenda ilikuwa siku mbili, akasema. Kurudi, miezi minane. Wanaruhusu watu wachache tu kuingia kwa wiki. Flight yangu wali-cancel mara tano. Kaka, wewe utarudi lini?

Ramani, anayejua nchi zote, akaanza kufuta kahawa iliyomwagika benchini.

Libère hakuwa amelifikiria hilo hata mara moja. Mwaka ule wa kukimbia, njiani, alimkalisha Faida chini ya ukingo wa barabara akaenda kutafuta maji. Alimwambia asiondoke, anarudi sasa hivi. Risasi zikalia, umati ukamsomba, na sasa hivi hiyo imekuwa miaka ishirini na mitano. Na binti yake Ange mwaka huu ametimiza saba, umri wa Faida siku ile.

— Sijui, dada, akasema.

Kisha akainuka, kikombe bado kimejaa.

— We, unaenda wapi? Maître akauliza. Kahawa ingali moto.

— Nyumbani. Asubuhi nilimwambia Ange narudi sasa hivi.