Moto wa Mara ya Pili

Jumamosi tukitoka zamu tunakaa kwenye benchi mbele ya duka la Mama Aline, huku South End ya Louisville, Amerika, termosi ya kahawa katikati yetu. Mungu anisamehe, maneno ya benchi hilo nayasikiliza kuliko mahubiri. Siku hiyo Ndahiro, tunayemwita Kimya, ndiye aliyeanza kusema, na hapo tukajua anaumia. Mkewe Vestine yuko Columbus kwa kaka yake tangu theluji ya kwanza. Ndahiro alikuwa amesimuliwa hadithi na mzee mmoja Mhindu anayefunga naye maboksi kazini. Malkia wa zamani alimfuata mumewe uhamishoni porini, akaibwa na mfalme mwovu. Mume akavuka bahari kumkomboa, halafu akamtilia shaka. Malkia akaingia motoni, asiungue. Baadaye watu wakamsema, na mume akamrudisha porini, mjamzito.

— Njo bibi ule, bibi wa kweli! akasema Azarias, ambaye kwa kelele zake tunamwita Honi. Anafuata bwana mpaka mu pori! Wa kwetu anafika Amerika, anapata kazi, basi, bwana amekuwa kiti.

— Honi, si wewe ulimfuata bibi yako Buffalo? nikamuuliza.

— Donc? Mi nilifuata kazi. Bibi alikuwa mbele tu.

Gitonga, Mkenya wetu, Profesa, akaweka kikombe chini.

— Lakini wazee, mfalme alikuwa na duty kwa raia. Watu wakianza kusema-sema, serikali inaanguka.

— Ule moto ni kama drug test ya kazi, Honi akasema. Unapita, wanakupa beji, unaingia. Malkia alipita!

— Sasa mbona alimrudisha porini, tena na mimba? nikauliza.

— Beji ilikuwa imeisha muda.

Tulicheka, isipokuwa Ndahiro.

— Batu balisema tu, akasema. Mfalme akasikia batu. Kisha akataka bibi aape tena. Malkia akaomba udongo umupokee. Udongo ukafunguka.

Sote tulijua anamsema Vestine. Vestine alikuwa akitunza wazee usiku, na mwenzake wa kazi, mwanaume, akimrudisha nyumbani kwa gari. Watu wa kanisa wakasema. Ndahiro akataka aape mbele ya wazee wa kanisa, Vestine akaapa, tukamwamini. Wiki haikuisha, Ndahiro akamuuliza tena, jikoni. Vestine akafunga sanduku.

— Bon, Honi akasema, sauti chini. Kwetu bibi akirudi kwao, wazee banaenda kumuchukua. Tunapakia Fanta za zawadi mu gari, tunaenda Columbus. Bwana anakaa kimya. Mi njo nitamuombea msamaha.

— Na mimi nikusaidie, Profesa akasema. Wewe utapiga kelele tu.

Spés, mama aliyehamia mtaani juzi, alikuwa amesimama mlangoni mwa duka na mfuko wa sombe, majani ya muhogo, akingoja lifti.

— Samahani, baba zangu. Mara ya pili, nani alimuuliza?

— Ni mimi, Ndahiro akasema.

— Sasa sababu gani msamaha atauomba huyu? akasema, kidole kwa Honi.

Honi akatazama kikombe chake. Profesa alivua miwani, akaivaa tena.

Ndahiro akafungua mdomo, ajaribu kuomba msamaha mwenyewe.

— Vestine, akasema polepole, kama mtu anayekanyaga barafu asiyojua unene wake.

Tukangoja neno la pili.