Kona za Kushoto za Mzee Numajiri

Mliokuja kumsindikiza Mzee Kiyoharu Numajiri, ambaye wengi wenu aliwahi kuwaambia usoni kwamba hamjui kuendesha, tunaomba mvumilie kumsikia mara moja ya mwisho.

Mzee alizaliwa tarehe 9 Februari 1951 mjini Oyama, mkoani Tochigi, mtoto wa fundi baiskeli, akasoma hapo hapo hadi alipomaliza shule ya ufundi Machi 1969, na mwaka 1978 akafungua gereji karibu na uwanja wa mbio za magari.

Kazi yake hasa ilikuwa magari yanayotupa mkia, yaani kuteleza upande wa nyuma, kwenye kona, na dharau yake kwa wenye magari hayo hakuificha. Aliyefika na bawa jipya nyuma aliulizwa, "Unataka kuruka au kupinda?", aliyebadilisha tairi, springi na shokomzoba kwa mpigo alifukuzwa, kwani Mzee aligusa kitu kimoja tu, akalirudisha gari uwanjani, ndipo akagusa kingine, na waliobaki, akishapima upepo wa tairi, aliwaambia, "Gari ni zima, mguu wako ndio mbovu, unaachia mafuta katikati ya kona kama umeona nyoka." Waliomchefua zaidi ni mafundi wanaokaza bolti za bushi, ile mipira ya kwenye maungio ya vyuma vinavyoshika magurudumu, gari likiwa juu, magurudumu yananing'inia, kwani likishushwa mpira wa bushi hubaki umejipinda, na mwishowe huchanika. Hao alisema wakapike tambi.

Tarehe 3 Mei 1988 alimwoa Bi. Fumie, wakajaliwa binti mmoja, Chizuru, ambaye mwaka 2019 aliolewa na Takuto, na dharau ikahamia mezani. Gari la Takuto, ambalo Mzee mwenyewe alilifunga upya upande wa nyuma, lilitupa mkia mara mbili hadi kwenye ukuta, naye Mzee akatamka mbele ya supu kwamba mkwe wake ni dereva wa mkokoteni. Chizuru, akiwa mjamzito, aliogopa kwamba mara ya tatu itamwachia mtoto asiye na baba.

Oktoba 2022, saratani ya tumbo ikiwa imeshamdhoofisha, Mzee alidai akalishwe kiti cha abiria, "nione huyu mpuuzi anakosea wapi". Kona za kulia gari lilitulia, za kushoto likatupa mkia, na mguu wa Takuto haukutikisika kokote. Mguu mbovu haubagui kona, na Mzee alilijua hilo kuliko sisi. Gari lilipopandishwa, bushi ya nyuma kulia, upande unaobeba uzito kwenye kona za kushoto, ilikutwa imechanika kwa kujipinda.

"Mjinga gani alikaza hii gari likiwa hewani?" akafoka, na gereji nzima ikatazama sakafu, maana bolti zile hakuruhusu mtu mwingine aziguse.

Takuto akainama, "Pengine ni mguu wangu, baba."

"Nyamaza, mpuuzi wewe, mguu wako ni mzima."

Akatia bushi mpya, akaamuru gari lishushwe, ndipo akakaza. Hakuna mwingine aliyewahi kusifiwa na Mzee kiasi hicho.

Alifariki tarehe 21 Januari 2023. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, ambao aliwakosoa hata magurudumu ya kitanda, majirani waliovumilia ngurumo, na mafundi wenzake, hata wapika tambi. Takuto amekaa pale mbele, amempakata mwanawe.

Pumzika, Mzee, magurudumu yote yako chini.