Baiskeli ya Mzee Kipketer Ni ya Nani?

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, Mzee Hezekiah Kipketer anastaafu baada ya kuupimia ushirika wetu maziwa kwa miaka ishirini na tisa. Nilipopewa kazi ya kuandika wasifu huu nilidhani ni rahisi. Nimeuanza mara nne, na mpaka leo asubuhi sikuelewa mzee ataondoka langoni akiwa amepanda nini.

Alikuja kutoka Rongai akiwa kijana, akapewa kipimo cha maziwa na baiskeli ya ofisi. Kwa baiskeli hiyo alizunguka vituo vyetu vyote kuanzia Lanet hadi Bahati, akapanda vilima ambavyo pikipiki zenyewe huvipanda zikilalamika. Ofisi ilipomletea pikipiki, aliikataa. Tulimwona mkaidi mpaka alipotueleza kwamba pikipiki husikika kutoka mbali, na aliyetia maji kwenye maziwa hupata nafasi ya kuficha mtungi.

Wakulima nao hawakulala. Kwenye mkutano mkuu mmoja, wakiongozwa na Mama Joan wa Bahati, walidai baiskeli iwekwe kengele, eti kwa usalama wa mzee. Wakachanga, wakanunua kubwa kweli kweli. Mzee alishukuru, akaifunga kwenye usukani, na hakuna aliyewahi kuisikia ikilia. Sasa Mama Joan huyo huyo, ambaye maziwa yake yalirudishwa zaidi ya mara moja, alifika ofisini wiki jana akilia na kuuliza wanaachiwa nani. Mimi hapo nilichanganyikiwa kabisa.

Shida yenyewe ni hii. Anayestaafu hurudisha mali ya ofisi, na Wanyonyi wa stoo anaitaka baiskeli. Lakini ipi? Magurudumu, kiti, pedali na mnyororo, vyote mzee alivibadilisha kwa mfuko wake. Hata fremu ya ofisi ilikunjika alipoteleza kwenye matope ya Kiamunyi, akajinunulia nyingine. Kisha, jamani, akachukua rangi nyeupe na kuiandika nambari ya ofisi kwa mkono wake mwenyewe, asije akadhaniwa amepoteza mali ya ushirika.

Wanyonyi alishikilia neno moja tu: "Mzee, iko na nambari ya ofisi, so ni ya ofisi."

"Sawa tu, boss," mzee akamjibu. "Nitaileta ikiwa safi."

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Meneja wetu, Bi. Wachuka, alisema atafikiria, na bado anafikiria. Mimi iliniuma. Kila mtu hapa anajua mzee anavyoipenda ile baiskeli, na kila mtu anajua hawezi kuiomba.

Leo asubuhi aliileta ikiwa imeoshwa na kutiwa mafuta. Akamkabidhi Wanyonyi, akaenda vituoni kwa miguu. Saa ya chai nilipita stoo nikamkuta Wanyonyi amepiga magoti sakafuni, msasa mkononi, akiisugua ile nambari. Hakuna aliyemtuma.

"Hii si yetu," aliniambia bila kuinua kichwa. "Mwenyewe akuje achukue."

Mzee Kipketer, asante kwa kazi yako na kwa uaminifu wako, hata ule uliotuchanganya. Mungu akupe afya na miaka mirefu ya kupumzika Rongai. Baiskeli yako iko langoni, mzee. Panda uende nyumbani.