Silinda ya Nne ya Nereida

Mheshimiwa Mwakilishi wa Manispaa, Ndugu Mkuu wa Karakana, madereva wa teksi wa Cárdenas, na wewe fundi Yamilka unayecheka hata sijaanza:

Anayesimama mbele yenu ana miaka themanini na mbili. Nimezika wake wawili, nimezika madaktari watatu walionikataza sigara, na mashine yetu ya kuchongea silinda imekufa mara nne mikononi mwangu, mara zote nikaifufua. Shule niliishia darasa la tatu. Lakini ni nani mjini hapa ambaye injini yake sijaipasua?

Leo ninastaafu, na mmetaka niseme matundu ya silinda katika bloku ya injini kuukuu yachongwe na kupanuliwa hadi wapi. Nitasema, ingawa jibu lenyewe linaniaibisha.

Nereida alituletea bloku ya teksi yake ya mwaka 1950, imekwisha kuchongwa mara tatu. Teksi hiyo ndiyo inayolisha nyumba yake nzima, na bloku nyingine kama ile kisiwani hapa huipati. Mimi nilikuwa na pistoni sita za trekta la Kirusi, safi, zimezidi kidogo tu. Si mnatujua? Hatutafuti pistoni ya kuenea silinda. Tunachonga silinda ienee pistoni iliyopo. Nikaigonga bloku kwa kijiko cha kahawa, nikasikiliza. "Chuma kipo," nikasema.

Yamilka akaja na kidude cha kupimia unene wa mabomba, amekiazima kutoka kiwanda cha sukari.

"Mzee Hermógenes, silinda ya nne upande huu nene, upande ule ganda la yai. Tuivishe slivu."

"Binti, nilikuwa nachonga silinda mama yako hajaota meno."

"Na hii utaitoboa mimi sijala chakula cha mchana."

Je, nilimsikiliza? Thubutu! Nikachonga. Tulipojaza maji kwenye mifereji inayozunguka silinda kuijaribu, yakachuruzika ndani ya silinda ya nne. Nereida akachungulia, mkono kiunoni: "Babu wewe! Nimekuletea injini, unanirudishia chujio la kahawa?" Kisha akakaa juu ya tairi, akalia.

Siku ile Yamilka hakucheka. Aliipanua zaidi silinda ile iliyotoboka, akaikandamizia slivu, yaani bomba jipya la chuma, alilolichonga kutoka injini ya lori bovu. Siku tatu. Mimi nilimshikia taa, na hakuna aliyewahi kushika taa vizuri kama mimi.

Basi andikeni, mnaojua kuandika: pimeni ukuta wa silinda pande zote, mhesabu kwa ule mwembamba kabisa. Ikiwa hautabaki na milimita tatu, acheni kuchonga, visheni slivu.

Mashine ile ya kuchongea niliapa nitazikwa nayo. Apewe Yamilka. Msipige makofi, nisije nikaghairi.

Asiyesadiki amuulize Nereida, yule pale mlangoni. Ameingia sasa hivi na abiria wanane kutoka Matanzas kwa bloku ile ile. Yote atakayowaambia ni kweli. Ila akisema siku ile nami nililia, hapo anawadanganya.

Nawashukuru kwa kunivumilia hadi mwisho.