Tarehe Tisa Desemba za Ezekia Mhoja Kapela, Mchanjaji wa Ndui

Ezekia Mhoja Kapela, ambaye leo Jumamosi, tarehe 14 Desemba 2024, tumekusanyika hapa Itetemia kumsindikiza, alizaliwa Sikonge tarehe 17 Juni 1943. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Mhoja Kapela, mrina asali, na Mama Suzana. Baba yake alikuwa porini kwenye mizinga siku hiyo, na aliporudi alimkuta mtoto ameshapewa jina na bibi yake. Alilikubali bila ubishi, jambo ambalo wanaomkumbuka Mzee Mhoja wanajua halikuwa la kawaida.

Marehemu alisoma shule za misheni hapo Sikonge kuanzia mwaka 1952 hadi 1959. Alikuwa na mwandiko mzuri sana, na majirani walimtumia kuandikia barua ndugu zao waliokuwa mbali. Alitamani kuendelea na masomo, lakini baba yake alianguka kutoka mtini akavunjika nyonga, ikabidi Ezekia ashike mizinga yeye.

Mwishoni mwa mwaka 1961 alisikia kwamba bendera mpya itapandishwa Tabora mjini, akaazima baiskeli ya mjomba wake. Tairi lilipasuka mara mbili njiani. Alifika uwanjani asubuhi ya tarehe 9 Desemba, amejaa vumbi hadi kwenye kope, akakuta bendera imeshapanda na watu wanakusanya viti. Mmoja wa waliokuwa wakikusanya viti alikuwa mhudumu wa hospitali aliyeitwa Modest. Alimtazama yule kijana na baiskeli yake, akasema, "Umechelewa, ndugu yangu. Tumeshajitawala."

Ezekia akajibu, "Basi nipeni kazi."

Akapewa viti. Walibeba hadi saa sita mchana, wakala pamoja, na kabla hawajaagana Modest alimwambia kwamba serikali mpya itahitaji vijana wanaojua kusoma, wanaoweza kuendesha baiskeli na wasioona aibu kufika wakiwa wachafu. Mwaka uliofuata, tarehe hiyohiyo, nchi ilipokuwa Jamhuri, marehemu alikwenda tena Tabora. Safari hiyo aliondoka Sikonge siku mbili kabla.

Tarehe 1 Julai 1963, baada ya mafunzo ya miezi sita, aliajiriwa kuwa mchanjaji wa ndui. Vijana wengi mliopo hapa hamjawahi kumwona mgonjwa wa ndui, na hilo lilimfurahisha marehemu kuliko sifa yoyote. Ulikuwa ugonjwa wa homa na malengelenge mwili mzima. Uliua watu wengi, na waliopona uliwaachia makovu usoni, wengine ukawapofusha. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa katika vijiji vya njia ya zamani ya misafara, kutoka Tabora kuelekea Urambo na Ujiji. Huko wazee walimsimulia habari walizopokea kwa babu zao, za wapagazi walioshikwa na ndui wakaachwa kando ya njia. Kwa hiyo alipofika mgeni mwenye sanduku akitaka kukwaruza mikono ya watoto, watu walikimbia. Marehemu hakuwakimbiza. Aliegemeza baiskeli, akasalimia "Mwangaluka" kwa Kinyamwezi cha Sikonge, akaomba maji ya kunywa, akakaa. Kisha alikunja shati na kuonyesha kovu lake mwenyewe la chanjo begani.

Novemba 1966 ndui ililipuka katika kijiji cha Kasela, upande wa Urambo. Wakati huo marehemu alikuwa ameshamchumbia Asnath, binti wa Mzee Samweli, fundi seremala wa mtaa wa Ng'ambo, Tabora, na ndoa ilikuwa imepangwa Ijumaa tarehe 9 Desemba. Yeye mwenyewe ndiye aliyeichagua siku hiyo, kwa kuwa aliipenda na kwa kuwa ilikuwa sikukuu, watu hawaendi kazini.

Huko Kasela alimkuta bibi mmoja, Ng'washi, amemficha mjukuu wake nyuma ya kihenge cha mtama. Mtoto huyo, Minza, alikuwa na miaka mitano na amefunikwa na malengelenge. Bibi alikuwa ameshafunga mzigo ili ampeleke kwa mganga, safari ya kupita vijiji vinne. Marehemu alijua kwamba vijiji hivyo vyote vingeambukizwa. Alimsihi abaki nyumbani na mtoto, naye ataleta chakula na maji mlangoni kila siku, na kuwachanja majirani wote.

Zilipobaki siku sita kufika siku ya ndoa, mchanjaji mwenzake alikuja kumpokea kazi. Bibi Ng'washi aliposikia, alisimama mlangoni akasema, "Mwanangu, mimi nimekuamini wewe, huyu simjui. Ukiondoka, na mimi ninafungua mlango, ninambeba mtoto wangu."

Marehemu alituambia kwamba alizunguka kijiji chote kwa miguu akifikiri la kufanya. Akaandika barua mbili, moja kwa mchumba wake na moja kwa baba mkwe, akampa mwenzake azipeleke. Yeye akabaki.

Huko Ng'ambo wageni walikuwa wameshaalikwa na ng'ombe ameshafungwa uani. Mzee Samweli alisoma barua yake akaikunja mara nne. "Kama anaipenda ndui kiasi hicho," alisema, "aioe hiyohiyo."

Minza alipona. Hakuna mtu mwingine aliyeugua Kasela baada ya Krismasi. Lakini marehemu aliporudi Tabora katikati ya Januari, mlango wa Mzee Samweli ulikuwa umefungwa kwake, na ulibaki hivyo kwa miezi mingi. Kila alipopata likizo alikwenda kuwaamkia wazee. Mzee aliitikia "Marahaba" akiwa anaranda mbao, bila kuinua kichwa. Posa nyingine mbili zilikuja, na Asnath akazikataa zote mbili. Mwezi Septemba alimfuata baba yake karakanani.

"Baba, aliniahidi tarehe tisa Desemba," akasema. "Hakuahidi ya mwaka gani."

Mzee Samweli aliweka randa chini. Asnath mwenyewe anasema baba yake alicheka siku hiyo kwa mara ya kwanza tangu ng'ombe yule afunguliwe.

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 9 Desemba 1967, katika Kanisa la Moravian, Tabora. Bibi Ng'washi alikuja kwa treni na kikapu cha karanga, akimshika Minza mkono. Mzee Samweli alimtazama mtoto yule usoni, kwenye yale makovu, kwa muda mrefu. Alikwenda mwenyewe kuleta kiti, akamketisha Bibi Ng'washi katikati ya wazazi wa pande zote mbili.

Mungu aliwajalia watoto watano. Marehemu aliendelea na kazi Nzega, Igunga na Sikonge, baadaye akitumia sindano ya ncha mbili, ambayo alisema iliwapunguzia watoto kilio na yeye maelezo. Mwezi Mei 1980 redio ilitangaza kwamba ndui imekwisha duniani kote. Wiki chache baadaye, ofisini, alisoma kwamba wataalamu walikuwa wametia saini hati ya kuthibitisha jambo hilo tarehe 9 Desemba 1979. Alipanda baiskeli akaenda nyumbani moja kwa moja.

"Mama Josepha," alimuuliza mkewe, "tarehe tisa Desemba iliyopita tulikuwa tunafanya nini?"

Mama akafikiri. "Ilikuwa Jumapili. Tulitoka kanisani, tukala michembe ya viazi, mvua ikanyesha, ukalala."

"Ndui imekwisha duniani, na mimi nimelala!" Alicheka hadi machozi yakamtoka, kisha machozi yakaendelea kicheko kikiwa kimeisha. Jioni hiyo aliwaita watoto wote, akawasimulia kwa mara ya kwanza habari za Kasela. Tangu mwaka huo, kila tarehe tisa Desemba, nyumba hii ilisimuliwa mambo manne: Uhuru, Jamhuri, ndoa, na kwisha kwa ndui. Aliyeuliza swali alipewa nyama kwanza.

Marehemu alistaafu mwaka 1998, akahamia Itetemia, akalima na kufuga nyuki. Alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka kumi na miwili. Mwaka 2021 alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu, na baadaye figo. Tarehe 2 Desemba mwaka huu alilazwa hospitalini hapa Tabora. Jumatatu tarehe 9 familia ilikusanyika kando ya kitanda chake. Sauti ilikuwa ndogo, kwa hiyo mkewe Asnath ndiye aliyesimulia, naye marehemu akamsahihisha mara mbili. Alifariki Jumatano, tarehe 11 Desemba 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja.

Ameacha mjane, Asnath. Watoto watano, Josepha, Anton, Koleta, Emilian na Advera. Wajukuu kumi na wanne. Na vitukuu watatu. Yupo pia Minza wa Kasela, leo mama mwenye wajukuu wake mwenyewe, ambaye marehemu aliagiza atajwe miongoni mwa ndugu.

Kitukuu wa mwisho ni Samweli, mtoto wa mjukuu wake Levina, ambaye ni muuguzi. Jumanne ijayo mtoto anatimiza wiki sita, na ni siku yake ya kliniki. Siku moja kabla ya kuaga dunia, marehemu alimwita Levina, akamwambia, "Mkishanizika, msije mkasema tuko msibani, mtoto akakosa chanjo." Kwa hiyo familia inaomba radhi mapema kwa watakaofika Jumanne asubuhi wasiwakute wenyeji. Tutakuwa tumempeleka mtoto.

Mungu aliyemtuma ampokee, ampumzishe kwa amani yake. Amina.