Fundi Jamleck na Taa Zilizokataa Kufika Wimbo wa Tano

Ijumaa hii, tarehe 18 Desemba 2009, Jamleck Waithaka anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kama fundi wa umeme wa Jengo la Kilele. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu, wanasema, sisi wa mapokezi huona kila kitu. Ni kweli nimeona mengi. Kuyaelewa ni jambo lingine.

Fundi aliingia jengo hili mwaka wa 1978, likiwa bado linanuka rangi. Amebadilisha nyaya za orofa zote na kuwatoa watu kwenye lifti iliyokwama, akiwemo mchungaji mmoja aliyetoka humo akiwa ameshawasamehe maadui zake wote. Hachelewi kazini, ingawa anaishi Mountain View, na wanaoijua foleni ya Waiyaki Way asubuhi wanajua hilo si jambo dogo.

Zaidi ya yote, alitupa sheria yake. Zamani stima ilipotea, ikarudi kwa nguvu, ikaunguza mashine ya kunakili ya orofa ya tatu. Tangu siku hiyo kila aliyeajiriwa hapa, karani au askari, alifundishwa na Fundi mwenyewe: stima ikipepesa, zima kila kitu ukutani, subiri itulie, kisha washa. Tuliishika sheria hiyo hadi mikono yetu ikawa inaitii bila kutuuliza.

Mwaka wa 2006 mwenye jengo, Bwana Karanja, alitaka taa za Krismasi zinazocheza kwa muziki. Mtaalamu wa kompyuta, Lenox Ogutu wa Woodley, akaleta programu iliyowasha taa za ukuta wa mbele kufuata nyimbo tano. Kompyuta yenyewe iliwekwa kwenye chumba kidogo nyuma ya meza yangu, na betri ya akiba ili stima ikipepesa isizime. Na hata ikizima, Lenox alieleza, itajiwasha yenyewe na kuanza tena wimbo wa kwanza. Wimbo wa tano ulikuwa wa kwaya ya akina mama wa Kangemi, na sauti ya juu ni ya Philister, mke wa Fundi. Hakuwa amewahi kurekodiwa maishani mwake.

Jioni ya kwanza ulikuja wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha giza, halafu wimbo wa kwanza tena. Ikawa hivyo jioni baada ya jioni, hadi wapita njia wakadhani Jengo la Kilele lina nyimbo tatu tu. Akina mama wa kwaya walikuja mjini na sare zao za zambarau, wakasimama kando ya barabara, wakarudi Kangemi bila kujisikia wakiimba. Wakaja mara ya pili, mambo yakawa yale yale. Siku hiyo Philister hakumsemesha mumewe njia nzima. Fundi alitusimulia mwenyewe kesho yake, na nilimwonea huruma sana.

Lenox alisema ni joto, tukaleta feni. Akasema ni virusi, akaisafisha kompyuta. Aliiondoa ile amri ya kujiwasha yenyewe, na sasa ikawa ikizima inabaki imezima, watu wakisimama gizani na watoto mabegani, basi akairudisha. Fundi alibadilisha waya, akabadilisha soketi, akashuku panya. Askari wetu, Haron, alishuku mambo ambayo siwezi kuyaandika katika jarida la wafanyakazi. Ajabu ni kwamba Lenox akikaa ndani mchana kutwa akiichungulia, haikuzima hata mara moja. Akitoka jioni kutazama taa kutoka barabarani, akimwacha Fundi ndani, inazima. Haron alipoulizwa kama huwa anaigusa kompyuta, aliapa hajawahi kuigusa, na hakusema uongo. Mimi nilichanganyikiwa hadi nikaanza kuisalimu kila asubuhi, endapo ilikuwa imetununia.

Bwana Karanja alichoka. Akasema ikianza upya tena mkesha wa Krismasi anaing'oa, na tutarudi kwenye balbu za kawaida. Kwaya ilikuwa imeshaalikwa mara ya tatu, siku hiyo hiyo.

Jibu lilitoka sebuleni Mountain View. Fundi na mkewe walikuwa wakitazama habari, stima ikapepesa. Philister akainuka, akazima televisheni ukutani, akasubiri, akawasha. Habari zikawa zimeisha. Akabaki amesimama, kidole bado kwenye swichi, akamwuliza mumewe: "Baba Ivyne, hii kitu hata huko job mnafanyanga?"

Tulikuwa tunafanya. Stima ikipepesa, na hapa mjini hupepesa kila jioni watu wakiwasha taa, kompyuta iliendelea kwa betri bila shida yoyote. Kisha Fundi, au Haron siku ambazo Fundi hayupo, alinyoosha mkono akazima kila kitu, betri ikiwemo, maana sheria inasema kila kitu. Halafu Fundi alitoka mbio kutuuliza kwa nini imezima. Mkono ulifanya kazi yake na kichwa hakikuambiwa. Lenox alicheka hadi akakaa sakafuni, kisha akakiri kwamba angekaa yeye humo jioni, naye angezima, kwa sababu hata kwao Woodley ndivyo wanavyofanya.

Mkesha wa Krismasi Fundi aliingia chumbani, akaketi, akaikalia mikono yake. Stima ilipepesa katikati ya wimbo wa nne. Nilimwona kupitia mlango, mabega yakimruka, jasho likimtoka, lakini hakuinuka. Wimbo wa nne ukaisha, wa tano ukaanza, na huko nje akina mama wakajisikia, wakaanza kuimba juu ya sauti zao wenyewe. Bwana Karanja alipiga makofi kuliko wote. Mimi nililia, sioni haja ya kuficha.

Kuna jioni moja tu ambayo bado inatusumbua. Ilikuwa Jumapili, stima haikupepesa, chumba kimefungwa, ufunguo uko mfukoni mwa Fundi naye yuko kanisani Kangemi, na kompyuta ikaanza upya. Lenox hajui, Fundi hajui, nami nimeamua kutofikiria.

Ninalojua ni kwamba chumba kile hakina dirisha na kuta zake ni nene. Tangu mwaka huo Fundi amekaa humo kila mkesha wa Krismasi kuilinda swichi dhidi yetu sote, na dhidi yake mwenyewe. Hajawahi kuusikia wimbo wa tano kutoka barabarani, wala kumwona mkewe anavyosimama ukianza.

Fundi, asante kwa miaka yote hiyo, na kwa nyaya ambazo hatutazielewa kamwe. Upumzike vizuri, uwe na afya na furaha huko Mountain View. Lakini Alhamisi ijayo, mkesha wa Krismasi, njoo mjini, usimame nje na Mama Ivyne. Chumbani nitakaa mimi, na mikono yangu nitaikalia.

Nzula Mutiso, Mapokezi