Msinyamaze Kifuniko Kikifungwa

Marehemu baba yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Wazi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1942, mtoto wa tatu wa fundi viatu, katika chumba kilichokuwa nyuma ya kibanda cha kazi cha babu. Bibi alikuwa akisema kwamba alizaliwa akipiga kelele na hakunyamaza mpaka alipopelekwa shule.

Alisoma shule ya msingi ya jirani, kisha chuo cha ufundi, akahitimu ufundi wa mitambo mwaka 1961. Mwalimu wake alisema ana mikono mizuri na maneno mengi.

Mwaka 1963 alijiunga na jeshi la majini, akatumikia miaka ishirini na mbili katika vyumba vya mitambo. Tarehe 17 Agosti 1968 bomba lilipasuka katika chumba cha pampu, naye yumo ndani peke yake. Mlango wa chuma ukakwama, taa zikazimika, maji yakaanza kupanda. Baba hakuwahi kujifanya shujaa wa siku ile. "Niliogopa," alituambia, "mpaka nikasahau jina la mama yangu." Wenzake walipokuwa wakiukata mlango, mpishi wa meli alibandika mdomo kwenye chuma akapaza sauti: "Wewe, nani aliiba minofu jikoni juzi?" Baba akajibu si yeye. Mpishi akashikilia kuwa ni yeye. Walibishana hivyo maji yakifika kifuani, hadi mlango ukaachia. Baba alitolewa bado anakana.

Dada wa mpishi huyo ndiye mama yetu. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1970, na bwana harusi alikuwa na sharti moja tu, kwamba nyumba yao isiwe na komeo. Hata bafu halikuwa na kitasa. Ukiingia unaimba, ili wa nje ajue kuna mtu. Ndiyo maana nyumba nzima tunaimba na hakuna hata mmoja anayejua kuimba.

Alistaafu mwaka 1985, akafungua karakana ya kutengeneza pampu za maji. Milango yake ilikaa wazi hata mvua ikinyesha ndani. Siku moja upepo uliubamiza mlango wa stoo akiwa humo. Tulimsikia akilia kama mtoto mdogo, nasi watoto tukaurithi woga wake wote. Mimi, bintiye wa kwanza, mpaka leo sipandi lifti.

Moyo wake ulianza kudhoofika Februari mwaka jana. Wodini, nesi mmoja mwenye huruma alikuwa akiweka kandambili mlangoni ili usijifunge. Wiki ya mwisho baba alimshika mama mkono.

"Mama watoto, kufa nimeshakubali. Kifuniko cha jeneza ndicho kinachonitisha."

"Nitakifunga mimi mwenyewe," mama akamjibu.

"Sawa. Lakini msinyamaze. Mle ndani, maji hayakunitisha kama kimya."

Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, mlango ukiwa wazi.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, kitukuu mmoja, na shemeji yake, yaani mjomba wetu, yule mpishi, aliyeketi pale mbele na mkongojo wake.

Kwa hiyo, ndugu waombolezaji, leo hatutakuwa na dakika ya kimya. Nasema kweli, naogopa. Tangu juzi naisikia sauti ya kile kifuniko kabla hakijafungwa. Mama akishaweka mkono wake juu ya kifuniko, tunawaomba muongee. Semeni lolote, hata habari za bei ya vitunguu. Mjomba ataanza, kwa lile swali lake la minofu, na safari hii tutamjibu sisi kwamba si Baba.

Pumzika kwa amani, Baba. Tupo hapa nje.